Shangazi, nimefiwa na mtu aliyefariki mwaka 2006

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36. Huu ni mwaka wa sita naishi Marekani, jimbo la Washington, nje kidogo ya Seattle, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka saba. Kazi yangu ni ya usiku, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama mkwe alikuja mwaka jana kutusaidia mtoto, analala chumba kimoja na mjukuu wake. Nyumba yetu ni ndogo na kuta zake ni nyepesi. Mtu akikohoa huku anasikika kule.

Januari 2025 ule moto mkubwa wa California uliuunguza mji wa Altadena. Usiku huo televisheni ya ukumbini kazini haikuzimwa. Mwenzangu wa zamu, mama wa makamo, mzaliwa wa huku, alifungua mkoba wake akanipa kitabu. Akasema, huyu aliyaona haya kabla yetu. Kilikuwa Parable of the Sower, cha Octavia Butler.

Kimeandikwa kama shajara ya binti mweusi wa huko California, jina lake Lauren. Siku ya kwanza ni Julai 2024, siku anayotimiza miaka kumi na mitano. Mtaa wao umezungushiwa ukuta, nje kuna njaa na uporaji, maji yana bei kuliko petroli. Ikifika Februari 2025 mtaani mwao panazuka moto. Mimi nilikuwa nasoma hayo na Februari yenyewe ilikuwa bado haijaingia.

Sikuwahi kusoma bunilizi za kisayansi. Nilidhani ni habari za maroketi na vita vya angani, mambo ya wavulana. Huyu Lauren ana ugonjwa wa kuhisi maumivu ya wengine: akimwona mtu ameumia, mwili wake yeye ndio unaouma. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Kazi yangu ni kuwageuza wazee kitandani usiku kucha ili wasipate vidonda, na yuko mmoja ambaye kila nikimshika bega nasikia langu linauma. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo hilo.

Kwa sababu ya zile tarehe, haikunipitia kabisa akilini kwamba aliyeandika hayuko duniani. Niliona kimechapishwa 1993. Nikapiga hesabu, nikapata mwandishi atakuwa bibi wa miaka 77. Kazini kwangu wapo wa miaka 95 ambao kila siku wananieleza habari za ujana wao. Nikajua yupo.

Nikasoma Parable of the Talents, ambacho ndicho cha pili, nikikisoma kazini saa nane za usiku, wazee wakishalala. Kisha nikasoma Kindred, kile cha mwanamke wa mwaka 1976 anayevutwa kurudi enzi za utumwa kule Maryland. Baadaye nikaja kusoma kwamba mama yake mwandishi alikuwa mfanyakazi wa ndani, na kwamba mtoto alikuwa akimwona mama yake akiingia nyumba za watu kwa mlango wa nyuma. Shangazi, mama yangu naye alifanya kazi za ndani, Raskazone, kule Tanga, na alipita mlango wa uani. Nilikuwa nikitoka shule nampitia, nasimama ng'ambo ya barabara, naomba wenzangu wasipite wakajua namngoja nani. Nilikuwa namwonea haya. Kisomo chote nilichosoma kimetoka kwenye mlango ule. Hilo nalo sijawahi kumwambia mtu, hata yeye.

Nikaanza kumwandikia huyo mwandishi barua. Nilikuwa naiandika ndani ya basi nikienda kazini, kwenye daftari la mtoto. Ilifika kurasa nne, na karibu zote zilikuwa za mama. Siku moja kabla ya zamu nikapita maktaba kuuliza mambo mawili: kitabu cha tatu cha Parable kiko wapi, na barua ya mwandishi hutumwa wapi.

Mkutubi alinyamaza kidogo kabla ya kunijibu. Akaniambia kitabu cha tatu hakipo, mwandishi hakuwahi kukimaliza. Alifariki Februari 2006, alianguka nje ya nyumba yake, akiwa na miaka 58. Na nyumba hiyo, akasema, ilikuwa hapa hapa, Lake Forest Park.

Basi langu hupita Lake Forest Park kila jioni.

Tangu siku hiyo nalia. Nikirudi alfajiri naingia bafuni, nafungua maji ili nisisikike. Mama mkwe alisikia. Akagonga mlango akaniuliza, nani kafa? Nikamwambia, mwandishi. Akauliza, lini? Nikamwambia, 2006. Alirudi chumbani hakusema neno. Asubuhi akaniambia kilio bila maiti ni uchuro, nitaivutia nyumba yangu msiba wa kweli. Mume wangu amefikiri mengine, aliniuliza kama kuna mtu. Habari imefika Tanga, na wifi yangu akanipigia simu akaniambia neno ambalo halinitoki: mbona baba yako hukumlilia hivyo?

Ni kweli. Baba alifariki mwaka 2021. Karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika, nisingeweza kusafiri nikarudi. Nilitazama maziko kwa simu, na mtandao ukakatika wanapomteremsha kaburini. Usiku huo nilikwenda kazini. Sikulia siku ile, wala sikulia baadaye.

Kimebaki kitabu kimoja tu sijakisoma, Fledgling, ambacho ndicho cha mwisho alichochapisha akiwa hai. Nimekiazima mara tatu nikakirudisha bila kukifungua. Nikikimaliza hicho, basi tena.

Shangazi, nimepotoka? Mama mkwe nimwambie nini? Na kitabu, nikisome au nikiache?

Msomaji wa zamu ya usiku

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole sana kwa kufiwa. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na humo ndani sikuona aliyekupa pole.

Hujapotoka. Ngoja nikusimulie yangu kwanza.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Tulisomeshwa Kusadikika, cha Shaaban Robert, mtu wa kwenu Tanga. Ile nchi inayoelea angani, isiyogusa ardhi, na wajumbe wake sita waliotumwa pande zote za ulimwengu kutafuta maarifa, wakarudi nayo, wakafungwa gerezani. Nilikisoma kwa mshumaa. Mwishoni wajumbe wanafunguliwa, na mimi nikataka kujua walikwenda wapi walipotoka. Nikaandika barua, nikampelekea mwalimu anisaidie anwani. Mwalimu akaisoma bahasha, akaniambia, huyu alishafariki, mwaka 1962, wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeachishwa ziwa.

Nililia nyuma ya jiko la shule. Mpishi akatoka akaniuliza nani kafa. Nikamtaja. Hakucheka wala hakunikemea. Alivuta gogo akaketi nami mpaka nilipomaliza, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Sijamsahau mzee yule, na kila ninapoandika safu hii huwa najaribu kuketi vile alivyoketi.

Msiba, mwanangu, humwanzia mtu siku habari inapomfikia. Waulize wazee wa mwambao. Mtu alisafiri na jahazi akafia ng'ambo, barua ikafika miezi mingi baadaye, kaburi limeshaota majani. Hakuna aliyesema mbona mmechelewa. Siku barua iliposomwa ndiyo siku majirani walipoleta mikeka. Wewe tanzia yako imekufikia ukiwa umesimama mbele ya meza ya mkutubi. Kwako Octavia Butler amefariki siku hiyo, tena amefariki wakati unamwandikia.

Wala si wewe peke yako uliyechelewa. Yeye mwenyewe alijiandikia katika daftari lake, mwaka 1988, kwamba vitabu vyake vitaingia katika orodha za vitabu vinavyouzwa kuliko vyote. Parable of the Sower kiliingia orodha ya gazeti la New York Times Septemba 2020, miaka 14 amekwisha zikwa. Nchi nzima ilipata habari zake kwa kuchelewa. Wengi waliokisoma mwaka huo na mwaka wako huu walipatwa na lililokupata, kwa sababu zile zile tarehe.

Na atakayekwambia kwamba mtu hamlilii asiyemjua, mkumbushe Amina. Shaaban Robert alifiwa na mke wake akamtungia shairi. Tumelikariri madarasani, vizazi kwa vizazi. Nimewaona watu wazima wakilighani na sauti inawakatika, kwa ajili ya mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona wala kula chakula chake. Hakuna aliyewaambia ni uchuro. Tumefundishwa shuleni kumlilia Amina, na mimi naona tulifundishwa vizuri.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana hapo ndipo pazito.

Kuna jambo moja ambalo mama huyu yuko sahihi. Kilio cha kujificha kinatisha nyumba. Kwetu kilio husemwa: mtu hufungua mlango, watu wakajua, wakaja kuhani, wakaketi. Yeye amesikia mtu analia na maji yanamwagika, alfajiri, katika nchi ambayo hana jirani wa kumgongea. Akauliza maswali mawili, nani na lini, na majibu yote mawili yakamchanganya. Ungekuwa wewe ungeogopa. Neno uchuro ndilo alilokuwa nalo karibu, na ndani yake mna mapenzi: anakiogopea kifo kisikufikie wewe na mtoto wake na mjukuu wake.

Swali la tatu hakuliuliza, na ndilo linaloulizwa matangani siku zote, watu wakishaketi na kahawa imeshapita. Alikuwa mtu gani? Basi mjibu kabla hajauliza. Chagua siku yako ya mapumziko, pika kitu anachokipenda, keti naye chini, umhadithie kwa Kiswahili. Usianze na vitabu. Anza na mtoto.

Mwambie alizaliwa Pasadena mwaka 1947. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu, akafariki mtoto angali mdogo sana, akalelewa na mama na bibi. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba za watu. Mtoto alikuwa mrefu kupita wenzake wote, mwenye haya, asiyesoma kwa wepesi, herufi zilimsumbua, walimu wakamwona mzito. Alijificha maktaba. Alipokuwa na miaka kumi aliomba mashine ya kupiga chapa, na yule mama mfanyakazi wa ndani akamnunulia. Hapo nyamaza kidogo. Mama mkwe amelea, amesomesha, anajua kitu kama kile kinakatwa kwenye pesa ipi.

Halafu mwambie kuhusu saa nane za usiku. Kwa miaka mingi huyu mwanamke aliamka saa nane za usiku kuandika, kisha akenda vibarua vyake: kuosha vyombo, kukagua krispi za viazi kiwandani, kuuza vitu kwa simu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1976, akiwa anakaribia thelathini. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya MacArthur, fedha nyingi ambazo mtu hupewa ili afanye kazi yake kwa utulivu, na alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kuipata. Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Baada ya hapo ndipo alipohamia huko mliko, kaskazini kwenye mvua. Hakuwa akiendesha gari, alikuwa mtu wa basi. Ile barabara unayopita jioni huenda yeye naye aliipita, amekaa dirishani kama wewe.

Ukimaliza, mwambie ulichoniambia mimi: kwamba kila usiku saa nane, wazee wakishalala, wewe huwa unasoma maneno ambayo mtu mwingine aliamka saa hiyo hiyo kuyaandika. Sidhani mama mkwe atalitaja tena neno uchuro. Akilitaja, usibishane naye. Mwombe akuombee dua, na umshukuru.

Binti yako awepo, kama hajalala. Yeye mwambie kwamba Februari 2021 chombo kiitwacho Perseverance kilitua Mirihi, na mahali kilipotua wanasayansi wa Marekani wamepaita kwa jina la Octavia Butler. Siku anga la huko likiwa wazi, mtafutieni nyota ile nyekundu mumwonyeshe. Mtoto akimuuliza bibi yake nani yuko kule, bibi atakuwa na jibu.

Mume wako ameuliza kama kuna mtu kwa sababu alikuta mke analia na mlango umefungwa. Mpe zile kurasa nne asome. Yatamwishia hapo.

Wifi yako sasa. Neno lake lilikuwa kali, na alilitupa mahali panapokuuma. Najua wapo watakaokwambia kwamba machozi haya ni ya baba, yamepata mlango mwingine ndiyo maana yanatoka. Huenda kuna ukweli. Mimi silipendi jibu hilo, kwa sababu linawanyang'anya wote wawili: baba anakuwa ameliliwa kwa jina la mwingine, na yule mwandishi anageuzwa kisingizio. Unao misiba miwili. Mmoja umeulilia bila kuusimamia, mwingine uliusimamia kwa simu bila kuulilia. Kila mmoja una haki yake.

Kwa baba, fanya hitima. Miaka imepita, haidhuru. Tuma chochote ulicho nacho Tanga, waisome nyumbani kwenu, wapike, waombe dua kwa jina lake, na safari hii umwombe kijana mmoja aende makaburini baada ya hapo, akupigie akiwa amesimama pale pale, akuonyeshe jiwe, asikate mpaka useme wewe. Ule mtandao uliokatika anapoteremshwa haukumalizia maziko. Yamalizie. Machozi yakija, yaje. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, na macho yake yakatoka machozi mbele za watu. Yasipokuja pia, usijitafutie dhambi. Ulikwenda kazini usiku ule ukawageuza wazee wa watu kitandani na baba yako ana saa chache ardhini. Mimi siwezi kusema huko si kulia.

Kwa Octavia, hitima haikuwa desturi ya kwao. Alichowaachia wasomaji wake ni vitabu, basi huko ndiko kwa kwenda kumhani.

Umeniuliza juu ya kile cha mwisho. Kwanza nikwambie habari za kile cha tatu ulichokikosa. Karatasi zake, maelfu kwa maelfu, zimehifadhiwa maktaba ya Huntington, San Marino, jirani na alikozaliwa. Humo mna mianzo mingi ya riwaya hiyo. Anaanza, anaacha, anaanza tena. Ilikuwa ihusu wale watu wa Lauren waliosafiri hadi sayari nyingine, safari waliyoiota na kuipigania kwa miaka. Wanafika, na sayari ni ya kijivu, ya unyevunyevu, na wote wanaugua kwa hamu ya nyumbani ambako hawawezi kurudi tena. Alikwama hapo. Nilipolisoma jambo hilo niliwakumbuka ninyi mlio huko, na barua yako ilipofika nikalikumbuka tena. Nadhani kitabu hicho ungekipenda kuliko vyote, na nasikitika pamoja nawe kwamba hakipo.

Kukwama kule kulimchosha sana. Zile Parable mbili zilikuwa zimemwelemea, dawa za shinikizo la damu zikawa zinamlegeza, miaka ikapita hajamaliza riwaya. Fledgling ndicho kilichomkwamua. Alikiandika kwa kujifurahisha, hadithi ya viumbe wanyonya damu, kikatoka mwaka 2005, na ameuacha mlango wazi mwishoni kama mtu anayekusudia kurudi. Wewe unakiazima na kukirudisha kana kwamba ni sanda. Kwake kilikuwa furaha ya kupona. Hakujua kwamba ni cha mwisho, na si haki kukisoma kwa namna ambayo hakukiandika.

Kisome. Kwa hili sina shaka hata kidogo. Sitakuharibia, nitakwambia ukurasa wa kwanza tu: yuko binti mweusi anaamka pangoni, ameungua, hana kumbukumbu yoyote, hajui jina lake wala watu wake. Baadaye anakuja kuambiwa kwamba jamaa zake wameuawa, na anataka kuwalilia lakini hawakumbuki. Tena nchi anayoamkia ni hiyo hiyo yenu, jimbo la Washington, na mvua inanyesha. Utazijua barabara zake. Ukikimaliza rudia kile cha kwanza. Mimi Kusadikika nimekisoma mara kumi na moja na wale wajumbe bado sijui walikwenda wapi.

Nyumba yake ya Lake Forest Park usiitafute, sasa wanaishi watu wengine na hawahusiki. Ukipita hapo na basi inatosha. Ila kama siku moja Mungu akiwajalia safari ya California, amezikwa makaburi ya Mountain View, na juu ya jiwe lake wamechonga maneno kutoka Parable of the Sower, yale ya kwamba kila unachokigusa unakibadilisha. Makaburi hayo yako Altadena. Ndiyo, Altadena ile ile. Usiku ule mwenzako alipofungua mkoba, mji uliokuwa ukiwaka kwenye televisheni ndio alikolala.

Limebaki daftari. Usilitupe, wala usiliache kwenye ukurasa wa nne. Malizia barua, tia tarehe, tia sahihi. Kisha isome upya uone imeandikwa kwa nani. Kurasa nne, na umeniambia karibu zote ni za mama, za mlango wa uani, za ng'ambo ya barabara uliyosimama. Barua ile ina watu wawili wa kuipokea, na mmoja yuko hai, yuko Tanga, simu yake unayo.

Igeuze Kiswahili. Usiipambe. Usiku wa zamu, wazee wakishalala, ikifika saa nane huko, huku ni mchana kweupe. Mpigie, umwambie akae mahali pazuri, umsomee yote, na ile haya uliyomwonea uisome vile vile ilivyo.